Pointi 502, na bado akafungwa

ZUHURA: Haya, tumo hewani. Mimi Zuhura, na ng'ambo ya meza yupo kaka yangu Baraka, ambaye leo kaingia na mfuko wa kaki umejaa visoda. Nikajua kaniletea soda. Kumbe vifuniko vitupu.

BARAKA: Soda wamekunywa wengine, mimi nimeokota tu pale dukani kwa Mangi. Kuokota ndiyo fani yangu tangu mtoto, dada, usinicheke.

ZUHURA: Eti, hebu wasikilizaji wajue. Maana mimi hiyo habari nimeisikia nusunusu.

BARAKA: Nilikuwa bolboi. Nikiwa darasa la nne, la tano, jioni tunakwenda klabu moja, tunaokota mipira ya wazee wanaocheza tenisi. Uwanja wa udongo mwekundu. Unakuja mapema, unamwagia maji vumbi litulie, unafagia, unapiga mistari kwa chokaa. Halafu unachuchumaa kwenye nguzo ya wavu unasubiri. Mpira ukigonga wavu unachomoka mbio, unaokota, unarudi kuchuchumaa.

ZUHURA: Na hapo ndipo ulipojifunza kuhesabu tenisi.

BARAKA: Nilijifunza vibaya kwanza! Kulikuwa na mzee mmoja, akitaka kusevu, yaani kuanzisha mpira, anamwangalia mwenzake anatamka kwa nguvu, "Lavu, fiftini!" Mimi nikajua anamtukana. Kila akisema "lavu" sura imekunjwa. Ilinichukua muda kugundua kuwa kumbe anasema yeye mwenyewe hana kitu. Lavu ni sifuri.

ZUHURA: Sasa hapohapo ndipo mimi na huu mchezo tunapogombana. Kwa nini sifuri isiitwe sifuri? Na ukishinda pointi ya kwanza unapewa kumi na tano, ya pili thelathini, ya tatu arobaini. Siyo hata arobaini na tano! Nani kafanya hizo hesabu?

BARAKA: Wafaransa, dada. Wala siyo Waingereza. Kabla ya tenisi hii kulikuwa na mchezo wa Kifaransa wa ndani ya nyumba, zamani sana, wanapiga mpira kwa kiganja, baadaye kwa raketi. Hesabu ilitoka huko, na ilikuwa hivyohivyo unavyotaka wewe: kumi na tano, thelathini, arobaini na tano. Hiyo tano ya mwisho ililiwa na ulimi. Watu wakichoka kutamka wanafupisha.

ZUHURA: Nilisikia ni mambo ya saa ya ukutani, mshale unazunguka robo, nusu...

BARAKA: Hadithi tamu hiyo, na ya lavu pia ipo, eti limetokana na neno la Kifaransa la yai, kwa sababu sifuri ina umbo la yai. Mimi siziuzi hizo. Ila dyusi hiyo ina uhakika, ni Kifaransa cha "mbili". Maana mkifika arobaini kwa arobaini, mtu anahitaji mbili mfululizo. Shika visoda.

ZUHURA: Haya. Wasikilizaji, mheshimiwa ananigawia visoda. Vyangu vyekundu, vyake vya kijani.

BARAKA: Tuseme nasevu mimi. Nimesimama nyuma ya mstari, upande wangu wa kulia. Mpira lazima uvuke wavu uangukie kwenye kisanduku cha mkabala, kwa mshazari, siyo kilichonyooka mbele yangu. Nina nafasi mbili. Ya kwanza nikikosa, napiga ya pili. Nikikosa na hiyo, pointi yako, na wewe hata hujainua raketi.

ZUHURA: Hayo ndiyo makosa mawili, wanaita dabo folti. Na ukigusa wavu?

BARAKA: Ukigusa wavu halafu ukaanguka ndani ya kisanduku, hiyo ni leti, narudia ileile kama haijatokea. Ukigusa wavu ukaanguka nje, ni kosa kama kosa jingine. Na ukigusa mstari, hata unywele mmoja wa mpira, umeingia. Pointi inayofuata nahamia kushoto, halafu kulia, tunapokezana hivyo. Sawa. Nashinda ya kwanza, weka kisoda changu. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Gemu yangu. Wewe una ngapi?

ZUHURA: Lavu. Na sura nimekunja.

BARAKA: Gemu ya pili unasevu wewe. Maana kusevu ni kwa gemu nzima, halafu anapokea mwenzako. Tunapambana, tatu kwa tatu, yaani arobaini kwa arobaini, dyusi. Unashinda inayofuata, unaitwa advanteji kwako. Unashinda na ya pili yake. Gemu yako. Ungepoteza hiyo ya pili tungerudi dyusi, na tungeweza kukaa hapo mpaka magharibi. Hesabu visoda.

ZUHURA: Vyako... vinne na vitatu, saba. Vyangu vitano.

BARAKA: Na gemu?

ZUHURA: Moja kwa moja. Ngoja. Wewe una visoda saba mimi vitano, na tuko sare?

BARAKA: Sare kabisa. Vile viwili vya ziada vimekwenda na maji.

ZUHURA: Huo ni wizi.

BARAKA: Hahaa! Ndiyo mchezo wenyewe huo, Zuhura. Watu wanaofundishwa tenisi wanaanza na forihendi, bekihendi, sijui shika raketi hivi. Mimi ningeanza na hivi visoda. Kwenye mpira wa miguu bao la dakika ya tatu linakaa ubaoni mpaka mwisho. Kwenye tenisi gemu ikiisha kila kisoda kinafutwa, kinabaki kitu kimoja: nani kachukua gemu. Seti, yaani fungu la gemu, ikiisha gemu nazo zinafutwa, inabaki nani kachukua seti. Kama ngazi. Ukipanda kipago, cha chini hakikujui tena.

ZUHURA: Kwa hiyo naweza kukufunga seti ya kwanza sita kwa sifuri, nikakudhalilisha...

BARAKA: Halafu mimi nikachukua mbili zinazofuata saba kwa sita, saba kwa sita. Wewe gemu kumi na nane, mimi kumi na nne. Na kombe nabeba mimi.

ZUHURA: Jamani.

BARAKA: Kwa wanawake na mashindano mengi ni seti mbili kati ya tatu. Wanaume kwenye yale manne makubwa, Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, ni tatu kati ya tano. Seti ni gemu sita, lakini uwe umemwacha mwenzako kwa mbili. Sita kwa nne sawa, sita kwa tano bado, mnacheza mpaka saba kwa tano. Mkifika sita kwa sita inapigwa taibreki. Hapo ndipo wanapohesabu unavyotaka wewe: moja, mbili, tatu. Wa kwanza kufika saba, na lazima amzidi mwenzake kwa mbili.

ZUHURA: Kumbe kuhesabu kama binadamu wanajua!

BARAKA: Wanajua. Anayeanza anasevu mara moja, halafu kila mtu mara mbilimbili, ili asiwepo wa kulalamika. Maana kusevu ni silaha. Ukisevu vizuri mwenzako hata haugusi mpira, hiyo ni eisi. Ndiyo maana unasikia watangazaji wanapiga kelele, "Kavunja sevu!" Kushinda gemu uliyosevu mwenyewe ni kama kula chakula ulichopika. Kushinda gemu aliyosevu mwenzako, umekwenda kula kwake bila kukaribishwa.

ZUHURA: Taibreki ilikuwepo tangu zamani?

BARAKA: Hapana. Wimbledon wameanza mwaka 1877, karibu miaka mia wamecheza bila hiyo. Mmarekani mmoja, Jimmy Van Alen, ndiye aliyeipigia debe, na mashindano ya Marekani yakaipokea mwaka 1970. Wengine wakafuata, lakini wengi wao kwa masharti: seti ya mwisho hakuna taibreki. Ya mwisho mtu lazima amzidi mwenzake kwa gemu mbili, hata kama ni wiki nzima. Wakaona ndiyo uungwana. Mpaka mwaka 2010.

ZUHURA: Enhe, hapa ndipo nilipokuwa napasubiri. Kichwa cha kipindi.

BARAKA: Wimbledon, raundi ya kwanza tu, uwanja namba 18, pembeni huko. John Isner wa Marekani, jitu la mita mbili na sentimita nane, na Nicolas Mahut wa Ufaransa. Wameanza Jumanne tarehe 22 Juni, jioni. Giza likaingia wakiwa seti mbili kwa mbili. Wakaambiwa rudini kesho. Jumatano wakaanza seti ya tano mchana.

ZUHURA: Na seti ya tano haina taibreki.

BARAKA: Haina. Isner anasevu, anashinda gemu. Mahut anasevu, anashinda gemu. Kumi kwa kumi. Ishirini kwa ishirini. Thelathini. Nyasi za pale nyuma wanaposimamia kusevu zilikuwa zishakwisha, udongo mtupu. Arobaini kwa arobaini, na hapa nasema gemu arobaini, siyo ile arobaini ya pointi. Walipofika 47 kwa 47 ubao wa matokeo ukazima.

ZUHURA: Ukazima?

BARAKA: Ukagoma. Aliyeutengeneza hakuwaza kuwa binadamu watafika huko. Mwamuzi, Mohamed Lahyani, Msweden mwenye asili ya Morocco, yuko juu ya kiti chake anaita hesabu kwa mdomo, sauti haipungui. Giza likaingia tena, 59 kwa 59. Alhamisi wakarudi mara ya tatu, ikaisha sabini kwa sitini na nane. Isner kashinda. Saa 11 na dakika 5 za kucheza. Seti ya tano peke yake saa 8 na dakika 11.

ZUHURA: Seti moja, saa nane. Mimi nikikaa kwenye foleni ya benki saa mbili nazimia.

BARAKA: Eisi peke yake, Isner 113, Mahut 103. Sasa hesabu visoda. Pointi za mechi nzima zilikuwa 980. Isner kashinda 478.

ZUHURA: Kwa hiyo Mahut... 502?

BARAKA: 502. Pointi ishirini na nne zaidi ya aliyemfunga. Kaondoka raundi ya kwanza.

ZUHURA: Hapana, hapa nimeumia kweli. Siyo utani. Mtu siku tatu, ana visoda vingi, anarudi nyumbani.

BARAKA: Umeumia kwa sababu unahesabu visoda. Mahut alikuwa akisevu anazishinda gemu zake bila jasho, hii kwa lavu, ile kwa fiftini. Isner anahangaika kidogo kwenye zake lakini hazitoki mkononi. Mwishoni kabisa, wakiwa 69 kwa 68, Mahut anasevu kusalia, Isner akamvunja. Mara moja. Katika gemu 138 za seti hiyo, hiyo ndiyo sevu pekee iliyovunjwa.

ZUHURA: Na Isner akaendelea akachukua kombe?

BARAKA: Wapi! Kesho yake Ijumaa kaingia raundi ya pili, Thiemo de Bakker wa Uholanzi kamfunga sita kwa sifuri, sita kwa tatu, sita kwa mbili. Miguu haipo. Hiyo ndiyo hoja iliyowashinda waungwana: ukimwacha mtu apigane saa kumi na moja, hujampa ushindi, umemkabidhi kwa mwingine akiwa maiti. Na bado hawakubadilisha! Mwaka 2018 Isner huyohuyo, nusu fainali, na Kevin Anderson wa Afrika Kusini. Seti ya tano ikaisha 26 kwa 24, saa 6 na dakika 36, safari hii Isner ndiye aliyefungwa. Mwaka uliofuata Wimbledon wakasema basi, mkifika 12 kwa 12 seti ya mwisho, taibreki.

ZUHURA: Mtu mmoja kabadilisha sheria kwa ubishi tu.

BARAKA: Na sheria mpya ikazaa kilio kingine mwaka huohuo 2019. Fainali, Novak Djokovic wa Serbia na Roger Federer wa Uswisi.

ZUHURA: Hiyo niliiangalia! Nyumbani kwetu mzee alizima televisheni kabla ya kukabidhiwa kombe.

BARAKA: Federer anaongoza nane kwa saba seti ya tano, anasevu, arobaini kwa kumi na tano. Pointi mbili za ubingwa mkononi, moja tu inatosha. Akazikosa zote. Wakafika 12 kwa 12, taibreki, Djokovic. Taibreki zilikuwa tatu siku hiyo, zote Djokovic. Federer pointi 218, Djokovic 204. Gemu, Federer 36, Djokovic 32.

ZUHURA: Sasa mzee wangu alikuwa na haki ya kuzima. Kamzidi kwa visoda, kamzidi kwa gemu!

BARAKA: Kamzidi kila mahali isipokuwa pale palipokuwa na mlango. Mzee msalimie.

ZUHURA: Siku hizi wanafanyaje?

BARAKA: Tangu 2022 manne yote makubwa yana sheria moja. Seti ya mwisho ikifika sita kwa sita, taibreki ndefu, ya pointi kumi, na umzidi mwenzako kwa mbili. Mimi binafsi naona ni sawa, ila kitu fulani kimepotea. Hakuna tena sabini kwa sitini na nane.

ZUHURA: Wewe hujasimama uwanjani saa nane unasema kimepotea. Haya, kabla hujaendelea, niulize ya uwanja haraka. Ile mistari miwili ya pembeni, kwa nini miwili?

BARAKA: Wa ndani ni wa mtu mmoja kwa mmoja, upana mita 8.23. Wa nje ni wa wawili kwa wawili, mita 10.97. Urefu haubadiliki, 23.77. Wavu katikati uko chini kuliko kwenye nguzo: katikati sentimita 91 na kidogo, nguzoni 107. Sisi mabolboi hatukuwa na futi ya kupimia. Unasimamisha raketi moja wima, mkia chini, halafu unachukua ya pili unalaza kichwa chake kwa ubavu juu ya ile ya kwanza. Ikilingana na utepe mweupe, wavu uko sawa. Haikulingana, unakwenda kukaza mkono wa kwenye nguzo. Mzee wa lavu alikuwa anakagua mwenyewe, na ole wako.

ZUHURA: Mnachekesha. Na mnabadilishana upande kila mara mbona?

BARAKA: Kwa ajili ya jua na upepo. Baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyohivyo. Hesabu zikijumlishwa zikatoa witiri, mnahama. Ya kwanza hamkai, zinazofuata mnapumzika sekunde 90, unakula ndizi yako. Sasa nipe nafasi nimalize na ya kwetu, maana nimevibeba visoda hivi kwa ajili yake.

ZUHURA: Angella Okutoyi.

BARAKA: Huyohuyo. Julai 2022, Wimbledon, wasichana, wawili kwa wawili. Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Fainali wanakutana na Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko.

ZUHURA: Mboko yule? Aliyemfunga Naomi Osaka wa Japani kule Montreal mwaka 2025?

BARAKA: Yule. Wazazi wake wametoka Kongo, Kinshasa. Kwa hiyo upande mmoja wa wavu Kenya, upande wa pili damu ya Kongo, kwenye nyasi za Uingereza. Seti ya kwanza Wakanada sita kwa tatu. Ya pili Okutoyi na mwenzake sita kwa nne. Ya tatu, kwa vijana wa wawili kwa wawili, haichezwi kamili. Inapigwa taibreki ya kumi peke yake, inahesabiwa kama seti. Nikuwekee visoda. Nyekundu Okutoyi, kijani Kanada. Gemu mpaka hapo?

ZUHURA: Okutoyi tatu na sita... tisa. Wakanada sita na nne, kumi.

BARAKA: Wako nyuma kwa gemu moja, lakini kwa seti wako sare. Sasa taibreki. Inakwenda, inakwenda, tisa kwa tisa.

ZUHURA: Usiniambie.

BARAKA: Tisa kwa tisa, unahitaji mbili mfululizo. Ukikosa moja, unamrudisha mwenzako mchezoni. Mpira umetoka mkononi, wavu ule wa sentimita 91...

ZUHURA: Weka kisoda, Baraka, acha mbwembwe!

BARAKA: Kumi kwa tisa. Kumi na moja kwa tisa. Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam, yaani la yale manne makubwa. La vijana, ndiyo, lakini taji.

ZUHURA: Na safari hii mwenye gemu chache ni wetu, kwa hiyo siyo wizi.

BARAKA: Ahaa! Mwanzoni ulisemaje?

ZUHURA: Sikumbuki. Kuna kisoda kimeingia chini ya spika, wewe bolboi, hebu chuchumaa ukitoe.